Fahamu namna tuzo za wahakiki wa filamu zinavyopigiwa kura na kinachozipa uzito

Na Mwandishi Wetu

Kila ufikapo mwanzo wa mwezi Desemba, watu makumi kadhaa ambao kazi yao ni kuandika kuhusu filamu hukutana jijini New York, Marekani, na kupiga kura hadi wakubaliane ni filamu ipi iliyo bora kuliko zote kwa mwaka unaokaribia kwisha. Kura hiyo haipigwi jukwaani wala haioneshwi kwenye televisheni. Matokeo hutangazwa siku hiyohiyo, kipengele kimoja baada ya kingine, na washindi hupewa tuzo zao mwezi Januari katika hafla ya chakula cha jioni ambayo kila anayeingia anakwisha kujua nani ameshinda.

Kundi hilo ni Umoja wa Wahakiki wa Filamu wa New York, ulioanzishwa mwaka 1935, na ndio mkongwe kuliko yote ya aina yake nchini Marekani. Umoja huo hauna mamlaka ya kiserikali wala mfuko wa kumzawadia mshindi fedha. Hata hivyo, kauli yake husubiriwa na kampuni za filamu, vyombo vya habari na waigizaji wenyewe kwa hamu ambayo mtu wa nje anaweza kuishangaa.

Habari za tuzo za filamu huwafikia wananchi wetu karibu kila mwezi, na mara nyingi hutangazwa kwa maneno yaleyale: filamu fulani imenyakua tuzo ya kimataifa. Maneno hayo yanaficha tofauti kubwa. Tuzo za Oscar hupigiwa kura na watu wa tasnia yenyewe, yaani waigizaji, waongozaji, wapiga picha na wengineo walio wanachama wa Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu, ambao sasa ni zaidi ya 9,000. Tuzo za matamasha, kama vile Jahazi la Dhahabu la Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, hutolewa na jopo dogo la majaji walioteuliwa kwa tamasha hilo. Zipo pia tuzo ambazo watazamaji huchagua kwa simu zao, na hapo mwenye mashabiki wengi ndiye mwenye nafasi. Tuzo za wahakiki ni aina ya nne, na ndizo zinazoelezwa katika makala haya.

Mhakiki wa filamu hutazama filamu mpya kwa mamia kila mwaka, kisha akaandika au kutangaza maoni yake kwa wasomaji na wasikilizaji. Mshahara wake hutoka kwenye gazeti, jarida, redio au tovuti, si kwa mtayarishaji wa filamu. Filamu ikiuza sana hapati senti, na ikianguka hapotezi kitu. Uzito wote wa kura yake umejengwa juu ya jambo hilo moja. Likiondoka, kura yake haina tofauti na ya mpiga debe.

Wahakiki wa New York walipoanza kutoa tuzo zao, Akademia ilikuwa na umri wa miaka minane tu, na ilikuwa karibu mno na kampuni kubwa za Hollywood zilizokuwa na mkono katika kuundwa kwake. Mwaka wa kwanza tu tofauti ilionekana. Wahakiki walichagua The Informer, filamu ya John Ford isiyo na fahari kubwa, ilhali Oscar ya filamu bora ya mwaka huo wa 1935 ilikwenda kwa Mutiny on the Bounty, kazi ya gharama kubwa ya kampuni ya MGM. Mwaka uliofuata wahakiki walianza kutoa tuzo kwa filamu za lugha za kigeni, miaka 20 kabla ya Akademia kuweka kipengele cha ushindani kwa filamu hizo.

Si kila uamuzi wao ulikuwa wa kishujaa. Mwaka 1939 kura zao zilikwama kati ya Gone with the Wind na Mr. Smith Goes to Washington. Duru baada ya duru hakuna upande uliokubali kushindwa, na mwishowe walihamia filamu ya tatu, Wuthering Heights, ambayo haikuwa chaguo la kwanza la wengi wao. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao kilichochoka anaujua uamuzi wa namna hiyo.

Mwaka 1941 walikabiliwa na mtihani mzito zaidi. Orson Welles, kijana wa miaka 25, alikuwa ametoa Citizen Kane, filamu inayosimulia maisha ya tajiri mwenye magazeti. Watazamaji wengi waliona ndani yake sura ya William Randolph Hearst, mmoja wa wamiliki wakubwa wa magazeti Marekani wakati huo. Magazeti ya Hearst yalikataa kuitangaza filamu hiyo, na mkuu wa MGM, Louis B. Mayer, alijitolea kuilipa kampuni ya RKO zaidi ya dola 800,000 ili nakala zake ziharibiwe. RKO ilikataa. Wakati wa Oscar filamu hiyo ilipendekezwa katika vipengele tisa, ikatoka na tuzo moja tu, ya uandishi. Wahakiki wa New York waliitaja kuwa filamu bora ya mwaka. Miongo kadhaa baadaye Citizen Kane ilikuja kuhesabiwa na wataalamu wengi miongoni mwa filamu kuu za karne, lakini mwaka ule kuitaja kulikuwa na gharama.

Namna kura inavyopigwa inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo habari za tuzo huiruka. Chama cha Taifa cha Wahakiki wa Filamu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1966 na waandishi ambao wengi wao walikuwa wa majarida, wakati umoja wa New York ukiwapendelea wa magazeti ya kila siku, kina utaratibu ulio wazi kuliko mwingi. Kila mwanachama huandika majina matatu katika kila kipengele. La kwanza hupata alama tatu, la pili mbili, la tatu moja. Mshindi hana budi kutimiza masharti mawili kwa pamoja: awe na alama nyingi kuliko wote, na jina lake liwe limeandikwa kwenye zaidi ya nusu ya karatasi za kura.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa wapiga kura 30. Filamu ya kwanza imewekwa nafasi ya juu na watu 14, lakini wengine wote hawakuiandika kabisa. Alama zake ni 42. Filamu ya pili imewekwa ya kwanza na watu sita, ya pili na watu tisa na ya tatu na watu watano. Alama zake ni 41. Kwa hesabu ya kawaida filamu ya kwanza imeshinda. Kwa utaratibu huu haijashinda, kwa kuwa imeonekana kwenye karatasi 14, na nusu ya 30 ni 15. Filamu ya pili imeonekana kwenye karatasi 20, lakini haina alama nyingi kuliko zote. Hivyo duru ya pili inapigwa, na kura za waliotuma majina bila kuhudhuria hazihesabiwi tena. Waliopo ndio wanaoamua.

Sharti la pili lina kazi yake. Linazuia kundi dogo lililoshikamana kuwaburuza wengine, na hapohapo linawalazimu wanachama kutafuta filamu ambayo wengi wanaiheshimu, hata kama si kipenzi cha kila mmoja. Baada ya kura chama hutangaza washindi pamoja na alama walizopata wao na waliowafuata. Akademia ya Oscar haifanyi hivyo. Hesabu zake hubaki mikononi mwa wakaguzi, na umma hauambiwi mshindi alishinda kwa kura ngapi.

Nguvu ya kura hizi ilionekana dhahiri Los Angeles mwaka 1985. Chama cha wahakiki cha jiji hilo kilikuwa na umri wa miaka kumi. Mwongozaji Terry Gilliam alikuwa amekamilisha Brazil, filamu ya kubuni kuhusu nchi iliyomezwa na makaratasi ya ofisi, ambamo kosa dogo la uchapaji linampeleka mtu asiye na hatia kwenye kifo. Kampuni ya Universal, iliyokuwa na haki ya kuisambaza Marekani, iliiona ni ndefu na mwisho wake ni wa huzuni mno. Mkuu wa kampuni hiyo, Sid Sheinberg, alitaka ikatwe na ipewe mwisho wa furaha. Gilliam akakataa. Miezi ikapita filamu ikiwa kabatini, ingawa ilikwisha kuoneshwa Ulaya.

Gilliam alilipia ukurasa mzima katika jarida la biashara ya filamu la Variety, ukurasa mweupe wenye maneno machache tu ya kumuuliza Sheinberg kwa jina ni lini angeiachia filamu yake. Wakati huohuo filamu ilianza kuoneshwa kwa wahakiki kimyakimya. Mwezi Desemba wahakiki wa Los Angeles walikutana, wakaitaja Brazil kuwa filamu bora ya mwaka, wakampa Gilliam tuzo ya uongozaji, na kuongeza tuzo ya uandishi. Filamu ambayo raia wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuitazama ilikuwa imetangazwa kuwa bora kuliko zote alizoweza kuzitazama. Kampuni haikuweza kuendelea kuificha. Kabla ya mwaka kwisha, Brazil ilioneshwa New York na Los Angeles, ikiwa karibu sana na namna mwongozaji alivyoitaka.

Tukio hilo haliwezi kurudiwa kirahisi, lakini linaonesha kazi ambayo tuzo ya wahakiki huweza kuifanya na ambayo tuzo nyingine huikosa: kuinua kazi isiyo na mtetezi mwenye fedha. Mfano wa karibu zaidi ni wa filamu ya Kijapani Drive My Car ya Ryusuke Hamaguchi, iliyotoka mwaka 2021. Inachukua karibu saa tatu, haina nyota anayejulikana Marekani, na sehemu kubwa yake ni watu wawili wakizungumza ndani ya gari. Wahakiki wa New York, wa Los Angeles na wa chama cha taifa wote waliichagua kuwa filamu bora ya mwaka, jambo ambalo halikuwahi kuipata filamu isiyo ya Kiingereza. Wiki chache baadaye ilipendekezwa kwa Oscar katika vipengele vinne, kikiwemo cha filamu bora, na mwezi Machi 2022 ikatwaa ile ya filamu bora ya kimataifa. Wanachama wa Akademia hawana muda wa kutazama kila kitu. Orodha ya wahakiki huwaambia waanzie wapi.

Kwa Afrika Mashariki, jina linalofafanua jambo hili vizuri ni la Lupita Nyong'o, mwigizaji aliyezaliwa Mexico kwa wazazi Wakenya na kulelewa Kenya. Mwaka 2013 wahakiki wa Los Angeles walimtaja kuwa mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa nafasi yake katika 12 Years a Slave. Wenzao wa New York walimpa tuzo hiyo mwigizaji mwingine. Tarehe 2 Machi 2014 akapokea Oscar, na furaha iliyozuka Nairobi inakumbukwa. Kinachokumbukwa na wachache ni kwamba mwaka 2019 wahakiki wa New York walimchagua kuwa mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya kutisha ya Us, ambamo alicheza watu wawili wanaofanana sura na kutofautiana kwa kila kitu kingine. Safari hii Akademia haikumweka hata kwenye orodha ya wanaowania. Filamu za kutisha ni nadra kutambuliwa na Oscar. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wahakiki ndio waliokuwa sahihi.

Kinga ya kura isipotunzwa, jina la tuzo halisaidii. Ushahidi wake ni tuzo za Golden Globe, ambazo kwa miongo mingi zilitolewa na chama cha waandishi wa habari wa nje waliokuwa wakifanya kazi Hollywood, kilichoanzishwa mwaka 1943. Hao hawakuwa wahakiki kwa maana kamili, lakini walijitambulisha kama waandishi huru, na televisheni iliwalipa fedha nyingi kwa haki ya kurusha hafla yao. Mwezi Februari 2021 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa chama kilikuwa na wanachama 87 na hakuna hata mmoja mweusi. Gazeti lilieleza pia kwamba mwaka 2019 zaidi ya wanachama 30 walisafirishwa hadi Ufaransa kutembelea eneo lilipokuwa likirekodiwa tamthilia ya Emily in Paris, wakalazwa katika hoteli ya kifahari kwa gharama ya waandaaji. Baadaye tamthilia hiyo ilipata mapendekezo mawili ya tuzo.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Televisheni ya NBC ilikataa kurusha hafla ya mwaka 2022, na tuzo za mwaka huo zikatangazwa bila hadhira ya televisheni. Mwigizaji Tom Cruise alirudisha tuzo zake tatu. Mwaka 2023 chama chenyewe kilivunjwa, tuzo zikauzwa kwa wawekezaji, na idadi ya wapiga kura ikaongezwa hadi kufikia mamia, wakichukuliwa kutoka nchi nyingi. Hakuna mhuri wa serikali uliofutwa wala sheria iliyotungwa. Kilichotoweka ni imani ya watu, na vingine vyote vikaifuata.

Wahakiki nao wana kasoro zao, na haitakuwa haki kuzinyamazia. Vyama vyao kwa muda mrefu vilikuwa vya watu wa rangi moja na zaidi wanaume, na ladha ya kundi dogo la jiji moja inaweza kujigeuza kuwa kanuni. Wamewahi kugombana hadharani. Mapema mwaka 2014 umoja wa New York ulimfukuza mwanachama mmoja baada ya malalamiko kuwa alimtolea maneno makali mwongozaji aliyekuwa akipokea tuzo kwenye hafla yao, tuhuma ambayo yeye aliikanusha. Pia uhai wao umefungwa na uhai wa vyombo vinavyowaajiri. Mgomo wa wafanyakazi wa magazeti ulipozuka New York mwezi Desemba 1962 na kudumu siku 114, umoja huo haukutoa tuzo kabisa. Leo magazeti mengi ya Marekani yamepunguza au kuondoa nafasi ya mhakiki anayelipwa mshahara, na hilo ni tishio la muda mrefu kuliko mgomo wowote.

Upo pia mpaka ambao watengenezaji filamu wa Tanzania wanapaswa kuujua. Kwa desturi vyama hivi hupigia kura filamu zilizoanza kuoneshwa kwa umma Marekani ndani ya mwaka husika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilizinduliwa katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021, na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kuwania nafasi katika kipengele cha filamu bora ya kimataifa cha Oscar. Hizo ni njia mbili tofauti, ya tamasha na ya uteuzi wa nchi. Njia ya wahakiki ni ya tatu, na mlango wake ni msambazaji aliye tayari kuiweka filamu kwenye kumbi za New York au Los Angeles. Bila msambazaji, filamu haimo kwenye orodha ya kupigiwa kura, hata ingekuwa bora kiasi gani. Hapa nyumbani, uhakiki wa filamu unaochapishwa mara kwa mara bado ni mchache, na kura ya wahakiki haiwezi kuwepo mahali ambapo wahakiki wenyewe hawajawa wengi wa kutosha kutofautiana.

Kwa hiyo tangazo la ushindi linapotolewa, mwananchi ana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kupongeza: nani alipiga kura na anaishi kwa kazi gani, gharama za hafla na safari zimelipwa na nani, kura ngapi zilihitajika ili kushinda, na je, hesabu zimewekwa wazi. Tuzo inayojibu maswali hayo bila kusitasita ni adimu. Zinazolipisha ada kubwa ya kushiriki kisha zikampa kila aliyelipa kikombe zipo, na zinapiga picha nzuri kuliko zote.

Wanaotaka kufuatilia msimu ujao watasikia kwanza kutoka New York mapema Desemba, kisha Los Angeles katika mwezi huohuo. Chama cha taifa hupiga kura yake mwanzoni mwa Januari. Orodha ya wanaowania Oscar hutangazwa baada ya hapo, na msomaji anaweza kuziweka orodha hizo bega kwa bega na kuona wapi zimekutana na wapi zimeachana.